Herufi za bure kwa tovuti ya chama: zipi zafaa na zipi ni mtego



Ukurasa huu wa Kiswahili umezoea kuwaletea habari za mishahara, likizo na fidia ya ajali kazini. Leo tunaleta habari ya herufi. Msishangae. Tutaeleza jinsi herufi mbaya zilivyowala madereva wetu fedha, na jinsi herufi zilizoitwa za bure zilivyotaka kutuletea deni. Kisha tutaeleza namna ya kuchagua herufi nzuri za bure kwa ajili ya tovuti ya chama, ya tawi, au ya ushirika wa kuweka na kukopa. Siku hizi matawi mengi yanafungua tovuti zao, na kila tawi linamwachia kijana wa kompyuta afanye apendavyo.

Habari ya kwanza ni hii. Mkataba wetu na waajiri ulisema dereva akilala njiani alipwe posho ya shilingi 17,000 kwa usiku mmoja. (Wasomaji wa Uganda watuwie radhi: posho hapa ni fedha, si ile ya kula na maharage.) Tukaweka jedwali la viwango katika tovuti yetu ili kila dereva, awe Malaba, Busia, Mutukula au Katuna, alisome kwenye simu yake. Kijana aliyetutengenezea tovuti alichagua fonti yenye madaha, iliyopinda-pinda kama mwandiko wa kadi ya arusi. Katika fonti hiyo tarakimu ya 1 ilikuwa na kofia ndefu mbele, na tarakimu ya 7 ilikuwa nyembamba mno, hata kwenye kioo kidogo cha simu zikafanana kama pacha.

Mwajiri mmoja alikuwa akilipa 11,000. Madereva wake wanne walishuku, wakafungua tovuti ya chama chao wenyewe ili wahakikishe, wakasoma 11,000, wakanyamaza. Wakanyamaza miezi mitano. Kila mmoja hulala njiani kama siku kumi na mbili kwa mwezi, na kila usiku alipungukiwa shilingi 6,000. Pigeni hesabu: ni 72,000 kwa mwezi, na kwa miezi mitano ni 360,000 kwa mtu mmoja, fedha za karo ya mtoto. Tulipokwenda kudai malimbikizo, karani wa mwajiri aliifungua tovuti yetu mbele ya afisa wa kazi akasema, "Someni wenyewe." Aibu tuliyoipata siku ile hatujaisahau. Mkataba wenyewe wenye sahihi, ambao ulikuwa kwenye faili ofisini, ndio uliotuokoa.

Hata kabla jambo hilo halijakwisha, tukapokea barua kutoka ng'ambo kwa njia ya barua pepe. Kampuni moja ya kuuza fonti ilituambia kwamba vichwa vya habari katika tovuti yetu vimeandikwa kwa fonti yao, na kwamba hatukulipia leseni. Kijana wetu aliapa kwamba aliipakua bure. Na kweli aliipakua bure. Ila chini kabisa ya ukurasa ule, kwa maandishi madogo, palisemwa ni bure kwa matumizi ya mtu binafsi nyumbani kwake tu. Chama cha wafanyakazi si mtu binafsi nyumbani kwake. Tuliiondoa fonti siku ile ile, tukaandika kuomba radhi, na jambo likaisha bila kulipa. Tulikuwa na bahati.

Basi sisi wa ofisi, ambao wengi wetu tuliachia masomo darasa la saba, tuliamua kujifunza jambo hili kwa kuuliza. Tuliwauliza vijana wa kompyuta, tukawauliza na wapiga chapa wa Barabara ya Nasser pale Kampala, na hapa tunawaandikia tuliyoyaelewa.

Wazee wetu waliofanya kazi katika viwanda vya chapa wanakumbuka kasha la herufi za risasi. Mpangaji alisimama mbele ya kasha akiokota herufi moja moja na kuzipanga mstarini. Kila mwandiko na kila ukubwa ulikuwa na kasha lake, na kasha lilikuwa zito. Fonti ya leo ni kasha hilo hilo, ila limekuwa faili ya kompyuta. Ndani ya faili mna michoro ya herufi zote, tarakimu, nukta na alama nyinginezo. Mtu akifungua tovuti, simu yake inaambiwa, "Maneno haya yaonyeshe kwa fonti fulani," nayo simu inakwenda kuichukua faili ya fonti hiyo kule tovuti inakokaa. Ikiipata, maneno yanatokea kama mlivyotaka. Isipoipata, simu inatumia fonti yake yenyewe.

Hapo zamani mambo hayakuwa hivyo. Tovuti nyingi zilitumia fonti zilizokwisha kuwamo katika kompyuta za watu, basi. Mwaka 1996 Microsoft walianza kutoa bure fonti chache kwa ajili ya intaneti, na kati ya hizo Verdana na Georgia zilichorwa na Matthew Carter mahususi zisomeke kwenye kioo. Fonti hizo bado ni nzuri sana. Mwaka 2010 Google walifungua ghala lao la fonti za bure, na mwaka 2012 shirika linaloweka kanuni za intaneti, W3C, likapitisha rasmi aina ya faili iitwayo WOFF iliyokusudiwa fonti za tovuti. Tangu hapo mlango umekuwa wazi, na shida imegeuka. Kwanza tulikosa herufi, sasa herufi ni nyingi hata mtu hajui ashike ipi.

Jambo la kwanza kabisa ni kufahamu neno "bure". Neno hili sokoni lina maana nyingi, na sisi watu wa chama twajua vema kwamba mwajiri akisema chakula cha bure, yafaa uangalie stakabadhi ya mshahara. Kuna fonti za bure kwa matumizi binafsi, kama ile iliyotuponza. Kuna fonti za majaribio, ambazo mwenyewe anakupa nusu ya herufi uonje, na ukiandika neno lenye herufi adimu linatokea na pengo. Kuna fonti zilizoibwa, zinazowekwa na watu wasiozimiliki. Na kuna fonti zilizoachwa huru kwa leseni ya wazi. Hizi za mwisho ndizo tunazozitaka, na hizo peke yake.

Leseni ya wazi inayojulikana zaidi ni ile ya shirika la SIL, iitwayo Open Font License. Toleo la kwanza lilitolewa mwaka 2005 na toleo la 1.1, ambalo ndilo linalotumika, lilitolewa mwaka 2007. Maneno yake si magumu. Inakuruhusu kuitumia fonti popote, kwenye tovuti, kwenye bango, kwenye fulana za Mei Mosi, hata kwenye kitu unachokiuza. Inakuruhusu kuirekebisha na kumpa mwenzako. Inakukataza kuiuza fonti yenyewe peke yake. Tena ukiirekebisha, mabadiliko yako lazima yabaki chini ya leseni ile ile, na kama mwenyewe amelihifadhi jina lake, usilitumie jina hilo kwa fonti yako uliyoigeuza. Maandishi unayoandika kwa fonti hiyo ni yako, leseni haiyagusi. Fonti nyingi katika ghala la Google ziko chini ya leseni hii, na nyingine chache ziko chini ya leseni ya Apache, ambayo nayo inaruhusu matumizi ya namna hii.

Hapa tunasimama kidogo. Baadhi ya ndugu zetu walisema, "Hao wa ng'ambo ni matajiri, tukichukua fonti yao bila kulipa kuna ubaya gani?" Sisi hatukubali. Fonti ni kazi ya mikono na macho. Mchoraji huchora kila herufi, akapima nafasi kati ya A na V, kati ya T na o, na familia moja ya fonti huweza kumchukua miezi au miaka. Chama kinachodai malipo ya saa za ziada hakiwezi kula saa za ziada za mfanyakazi mwingine. Fonti za leseni ya wazi ni jambo tofauti. Zile nyingi zilizo bora zimelipiwa na mtu: Google walimlipa Steve Matteson achore Open Sans, iliyotoka mwaka 2011, na Adobe walitoa Source Sans mwaka 2012, iliyochorwa na Paul Hunt aliyekuwa mfanyakazi wao. Makampuni hayo yana faida zao humo, tunajua. Lakini mchoraji alipata mshahara wake, nasi tunaruhusiwa.

Onyo moja zaidi kuhusu leseni. Arial na Times New Roman zimo katika kompyuta ya ofisi, na kijana anaweza kusema kwamba zimekwisha kulipiwa pamoja na kompyuta. Ndiyo, zimelipiwa kwa kazi za kompyuta ile. Mnaweza kuzitaja kwa jina katika tovuti, na simu au kompyuta ya msomaji ikiwa nazo itazionyesha. Lakini kuichukua faili yenyewe na kuipandisha kwenye tovuti ni kuigawa, na hiyo hatukupewa ruhusa.

Baada ya leseni ndipo tunafika kwenye uzuri. Wengi huanza na uzuri, nasi tulianza hivyo. Sasa twasema fonti nzuri kwa chama ni ile ambayo mwanachama hajui kwamba ipo. Anasoma habari, hasomi herufi. Na mwanachama wetu tunamjua: yuko kwenye teni boi au chini ya mti, jua linapiga kioo, simu ni ya bei ndogo na kioo kina ufa, na miwani ameisahau nyumbani.

Kwa hiyo, ukitaka kuijaribu fonti, usitazame sentensi nzuri waliyoiandika wenye kuitangaza. Andika maneno yako. Andika herufi I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 pamoja uone kama unaweza kuzitenga. Katika Arial, Open Sans na Montserrat, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana. Kwa habari ya kawaida si neno, maana msomaji ataelewa kutokana na maneno mengine. Kwa namba ya uanachama yenye herufi na tarakimu, au namba ya kumbukumbu ya malipo, ni hatari. Katika Source Sans l ndogo ina mkia chini, na katika Verdana I kubwa ina vijiti vya kulala juu na chini, basi hazichanganyiki. Kisha andika sifuri na O kubwa. Kisha andika 1 na 7, 3 na 8, 5 na 6, na uzisome ukiwa umeinyosha mikono yote miwili mbele.

Tarakimu zina siri nyingine tuliyofundishwa na mpiga chapa mzee. Fonti nyingine zina tarakimu zinazopanda na kushuka kama herufi ndogo. Georgia ni mfano: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari. Katika hadithi zinapendeza, lakini katika jedwali la mishahara zinayumba. Nyingine zina tarakimu zenye upana usio sawa, 1 ikiwa nyembamba na 8 ikiwa nene, na ukizipanga katika safu, mamia hayakai chini ya mamia. Fonti nyingi bora zina seti zote mbili ndani yake. Mwambieni kijana awashe tarakimu za upana sawa kwenye majedwali yote. Ni mstari mmoja tu wa kuandika, na akisema haiwezekani kwa fonti hiyo, basi fonti hiyo isitumike kwa majedwali.

Tunakuja kwenye lugha zetu. Kiswahili hakina taabu, herufi zake ni za kawaida, ila mtazame kile kiapostrofi cha ng'. Fonti nyingine za mapambo huweka nafasi kubwa pale, hata ng'ombe akakatwa vipande viwili. Luganda ina herufi ŋ, kama katika eŋŋoma, nayo imo katika Kiacholi pia. Kikuyu na Kikamba zina ĩ na ũ. Wenzetu wa Juba wanaoandika Kidinka wana ɛ, ɔ na ɣ, na tena baadhi ya irabu huwekewa nukta mbili juu. Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu wakiandika Kifaransa wanahitaji é, è na ç. Fonti isipokuwa na herufi fulani, simu huazima herufi hiyo kutoka fonti nyingine, na katikati ya neno unaona herufi moja imesimama kama mgeni asiyealikwa. Isipopata pa kuazima, huweka kisanduku kitupu.

Visanduku hivyo watu wa kompyuta huviita tofu, kwa sababu vinafanana na vipande vya chakula kile cha soya cha Waasia. Google walipotengeneza familia ya fonti za kufikia maandishi ya dunia nzima waliiita Noto, maana yake "hakuna tofu". Noto Sans ina ŋ, ina ɛ, ina yote tuliyoyataja. Haina madaha, lakini tawi lenye wanachama wa makabila na nchi nyingi likiichukua halitajuta.

Kuna mtego hapa uliotunasa sisi wenyewe mara ya pili. Ghala la Google hugawa fonti kwa mafungu ili faili ziwe ndogo. Fungu la Kilatini lina herufi za Kiingereza, Kiswahili na Kifaransa. Herufi ŋ, ĩ na ũ zimo katika fungu jingine, Kilatini kilichopanuliwa. Kijana akipakua fungu la kwanza tu, fonti iliyo na ŋ itaonekana kana kwamba haina. Chukueni mafungu yote mawili.

Fonti ambayo sisi tunaipenda kuliko zote ina jina la kwetu. Inaitwa Andika. Ni ya shirika lile lile la SIL, iko chini ya leseni ya wazi, na jina lake ni Kiswahili kabisa, amri ya kuandika. Waliichora kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, wakubwa kwa watoto, na shabaha yao ilikuwa kila herufi ijitenge na mwenzake. Herufi a imechorwa kama mwalimu anavyoiandika ubaoni, duara na kijiti, wala si ile a ya magazeti yenye mgongo. Vijana wengine wanaidharau wakisema ni ya watoto. Tunao wanachama waliojifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima, nao walituambia kwamba kwa mara ya kwanza tovuti ya chama haikuwachosha. Tunawasikiliza hao.

Wanaoona taabu kwa macho wana fonti nyingine, Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa na Braille Institute ya Marekani mwaka 2019. Sifuri yake imekatwa kwa mstari ili isichanganywe na O. Nayo ni ya bure. Kabla ya kuichukua ijaribuni kwa maneno ya lugha zenu.

Kwa vichwa vya habari unaweza kujiachia kidogo. Hapo maneno ni machache na makubwa. Montserrat, ambayo Julieta Ulanovsky aliichora akitazama mabango ya zamani ya mtaa wa Montserrat kule Buenos Aires, ina sura ya bango la mkutano wa hadhara, na ikiwa nene inapendeza sana. Lato ya Mpolandi Łukasz Dziedzic ni ya upole zaidi. Kama tawi linataka kichwa chenye heshima ya gazeti, Merriweather ya Eben Sorkin ina vijiti vidogo miguuni mwa herufi na haitetemeki kwenye kioo. Lakini chukueni moja tu kati ya hizo. Tumeona tovuti ya ushirika mmoja ina fonti sita: moja ya jina, moja ya tangazo, moja ya picha, na nyingine hata mwenyewe hajui iliingiaje. Fonti mbili zatosha, moja ya vichwa na moja ya habari, na zitofautiane waziwazi. Mbili zinazokaribia kufanana huonekana kama kosa. Na kama mna shaka, fonti moja ikiwa nyembamba na nene yatosha kabisa.

Kuhusu unene, hakikisheni faili ya herufi nene imechukuliwa pia. Isipokuwapo, simu hujitengenezea unene wake kwa kuipaka herufi nyembamba wino, na herufi huziba macho.

Sasa gharama. Fonti haikuombi fedha, lakini inamwomba mwanachama bando. Nchini Uganda serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa wanaotumia mitandao ya kijamii mwezi Julai 2018, na Julai 2021 ikaiondoa na kuweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Kila kilobaiti tunayomsukumia mwanachama inatoka mfukoni mwake. Faili ya fonti kama inavyopakuliwa kwa kompyuta huweza kuwa mamia ya kilobaiti. Faili hiyo hiyo ikigeuzwa kuwa WOFF2, na kubakizwa mafungu mnayoyahitaji tu, mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 50. Nyembamba moja na nene moja, basi. Tena mwambieni kijana apange tovuti ionyeshe maneno mara moja kwa fonti ya simu, na fonti yenu ikifika ndipo ibadilike. Tovuti nyingine huacha ukurasa mweupe mpaka fonti ifike, na mwanachama aliye mahali penye mtandao dhaifu hufikiri hakuna habari akafunga.

Jambo jingine ni mahali pa kuweka faili. Google wanaruhusu tovuti yako ichukue fonti moja kwa moja kutoka kwenye seva zao, na ni rahisi mno. Lakini kila mwanachama anayefungua ukurasa, simu yake inapiga hodi kwa Google na kuacha anwani yake ya intaneti. Mwezi Januari 2022 mahakama ya mjini Munich, Ujerumani, iliamua kwamba mwenye tovuti aliyefanya hivyo bila idhini ya msomaji alivunja haki yake, ikamwamuru amlipe euro 100. Sheria ile ni ya Ulaya. Lakini sisi chama, ambao tunafunga daftari la wanachama kwenye kabati la chuma ili mwajiri asijue nani amejiunga, tuna sababu zetu za kutotaka mtu wa nje apigiwe hodi. Leseni inaruhusu kuiweka faili kwenye seva yetu wenyewe. Tuiweke hapo.

Yaliyobaki tunayapitia haraka. Habari isiwe chini ya ukubwa wa pikseli 16. Nafasi kati ya mistari iwe kama mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi. Kwenye kompyuta, mstari usizidi herufi 75 hivi, kwa kuwa jicho hupotea likirudi. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe ni mtindo wa vijana wasiotembea juani. Kanuni ya kimataifa inataka tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya rangi ya herufi na ya nyuma yake, na iko programu ya bure ya kupima. Maneno ya herufi kubwa tupu yawe ya kichwa tu, kamwe yasiwe ya aya nzima.

Sisi ofisini tumekwisha kubadilisha. Habari zote ni kwa Andika, majedwali ya viwango ni kwa Source Sans yenye tarakimu za upana sawa, na jina la chama juu ni kwa Montserrat nene. Kabla ya kuifungua tovuti upya tuliwapa simu madereva sita pale Malaba, saa saba mchana, nje, tukawaomba wasome viwango kwa sauti wakati karani akilinganisha na mkataba. Mmoja alikosea mstari mmoja, tukaongeza nafasi kati ya mistari.

Matawi yenye tovuti zao yanaombwa kupeleka ofisini jina la kila fonti inayotumika na nakala ya leseni yake, ambayo huwa ni faili ndogo ya maandishi ndani ya furushi lililopakuliwa. Furushi lisilo na leseni ndani yake lisitumike hata kama fonti ni nzuri namna gani. Na kila jedwali la mishahara au posho lisomwe kwa sauti na wanachama wawili, kwenye simu, sambamba na mkataba wenye sahihi, kabla halijawekwa hadharani.